Hakuna vita, mbona mume hayuko nyumbani? Afisa kijana na ndoa changa hapa Mombasa

#1 BintiKibokoni (mleta uzi)

Salaam wanajamvi. Nina jambo limenikaa rohoni, nalileta hapa tulifikiri pamoja.

Ndugu yangu mdogo alitoka chuo cha kijeshi cha Lanet na kamisheni yake, akapangiwa upande wa majini, hapa hapa Mombasa. Nyumbani ilikuwa furaha. Mamangu alisema angalau mwanangu atakuwa karibu, hatapelekwa Garissa wala Mandera. Haukupita muda akaposa, mahari ikatolewa, nikaha ikasomwa, harusi ikafana. Mkewe ni binti wa Mji wa Kale kama sisi, msomi, ana kazi yake. Mwaka haujaisha, wifi yangu amerudi kwa mamake. Hakuna talaka, hakuna kipigo, hakuna mwanamke wa nje tunayemjua. Anachosema ni kimoja: "Sina mume, nina mgeni anayekuja kufuliwa nguo."

Nikamwambia kazi ya jeshi ndivyo ilivyo. Akaniuliza, "Vita viko wapi?" Nikanyamaza, maana sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hivyo dai langu ni hili: kwa ndoa changa, amani ni ngumu kuliko vita. Mke wa aliyeko vitani huombewa dua msikitini, majirani humletea chakula, hata mama mkwe humpunguzia maneno. Mke wa luteni wa wakati wa amani huambiwa avumilie, na hakuna anayemwambia avumilie mpaka lini. Nipingeni. Na mlio karibu na mambo hayo tuelezeni: afisa kijana hufanya nini hasa, mchana na usiku, wakati hakuna adui?

#2 Mwana_wa_Kisauni

Pole dada. Ila tuseme ukweli, kazi ya jeshi kila nyumba inaitamani. Siku ya usajili foleni huanza alfajiri. Mkishaipata mwaanza kuuliza saa ya kurudi nyumbani?

#3 BahariaMstaafu

Mleta uzi, swali lako ni zuri na raia wengi hawalijui jibu lake. Nimetumikia majini miaka mingi, nitaeleza yasiyo siri.

Kwanza, meli ikiwa gatini haiachwi peke yake hata dakika moja. Usiku kuna walinzi, kuna mafundi wa mitambo, na juu yao kuna afisa wa zamu. Afisa wa zamu hatoki. Akitaka kulala, analala na viatu. Sasa niambie, zamu za Jumamosi, Jumapili, Idi, Krismasi na mwaka mpya anapewa nani? Anapewa aliyeingia juzi. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, na ndivyo ilivyokuwa kwa aliyenitangulia.

Pili, luteni ndiye mtu wa kila kazi isiyo na mwenyewe. Stoo ihesabiwe, ni yeye. Askari ana kesi, yeye ndiye aandike maelezo. Askari amefiwa Vihiga au Kitui, afisa kijana ndiye anayepelekwa kuwakilisha kambi mazishini. Timu ya mpira inasafiri, aende nayo. Mgeni wa heshima anakuja, akae wiki nzima kwenye mazoezi ya gwaride.

Tatu, bahari yenyewe. Vita hakuna, lakini kuna wavuvi haramu, kuna wauza unga, kuna majahazi yaliyopotea. Mwaka 2014 ilikamatwa meli hapa ikiwa na heroini zaidi ya kilo 300, na mwezi wa Agosti mwaka huo ikalipuliwa baharini, Rais akishuhudia. Septemba 2019 gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na mama na mwanawe ndani, wapiga mbizi wa jeshi la majini walikuwa miongoni mwa waliotafuta kwa takriban wiki mbili. Hiyo yote ni amani.

Tena kuna kozi. Afisa asiyekwenda kozi hapandi cheo. Wengine hupelekwa mpaka Dartmouth, Uingereza, au Pakistan, au India. Mke hubaki.

#4 Khalati_Makadara

Wanangu, nyote mwazungumza mambo ya meli. Mie nauliza: huyu kijana alimaliza fungate?

Zamani bwana harusi akifungiwa ndani siku saba. Hatoki, haendi kazini, haendi baraza. Analishwa, anasingwa, anakaa na mkewe wakajuana. Somo yupo hapo karibu, kila mmoja akafunzwa mwenziwe anapenda nini na anachukia nini. Siku hizi mtu aoa Ijumaa, Jumatatu ashavaa viatu vya kazi. Nyumba haikutiwa msingi, mwataka isimame?

#5 BintiKibokoni

Khalati, shikamoo. Umegusa palepale. Alipewa likizo fupi sana, na kabla haijaisha akaitwa. Mamake bibi harusi alilia siku ile kuliko siku ya nikaha.

#3, asante sana mzee wangu. Hilo la zamu za Idi limenifumbua macho. Sisi tulidhani anakwepa.

#6 Msomi_Ganjoni

Niongeze upande wa historia, kwa sababu mambo haya hayakuanza na ndugu yako. Jeshi letu la majini lilianzishwa 1963 tulipopata uhuru, likarithi kila kitu kwa Waingereza, pamoja na mesi. Na mesi ya maafisa ilijengwa kwa ajili ya kapera. Kula kwake humo, kulala kwake humo, marafiki zake humo. Waingereza kwa miaka mingi walikuwa hawampi afisa wa jeshi la nchi kavu posho ya ndoa kabla hajafika miaka 25. Kulikuwa hata na msemo wao kwamba luteni asioe, kapteni anaweza kuoa, meja inafaa aoe, kanali lazima aoe. Utaratibu mzima ulipangwa ukidhani kijana hana mke. Sisi tumeweka mke ndani ya utaratibu ule ule, tukashangaa hapati pa kukaa.

#7 BahariaMstaafu

Msomi, hoja yako ina uzito lakini mwaka sio huo. Jeshi la majini la Kenya lilianza rasmi tarehe 12 Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, kambi ikiwa Mtongwe. Kabla yake palikuwa na jeshi la majini la Afrika Mashariki la Waingereza, nalo lilivunjwa 1962. Makamanda wa kwanza walikuwa Waingereza, mpaka 1972 alipoteuliwa Kimaro, Mkenya wa kwanza kuliongoza.

Na kuhusu mesi: mimi nilioa nikiwa luteni, na wakubwa zangu walinipa baraka. Ruhusa unaomba, unaulizwa maswali, unapewa. Hakuna aliyenizuia.

#8 Msomi_Ganjoni

Sawa, 1964. Lakini umesema mwenyewe: ruhusa uliomba. Na mesi hukuendelea kwenda?

#9 BahariaMstaafu

Niliendelea. Afisa asiyeonekana mesini anaonekana ana dharau. Kuna chakula cha usiku cha heshima ambacho hukosi, na mgeni akiwepo huondoki kabla yake.

#10 Msomi_Ganjoni

Basi.

#11 MamaWawili_Changamwe

Nimesoma dai la mleta uzi nikatetemeka, kwa hivyo niseme kwa upole.

Mume wangu alivuka mpaka kuingia Somalia baada ya Oktoba 2011. Septemba 2012 wakati wa kuingia Kismayu nilikuwa na mimba kubwa. Simu yenye namba nisiyoijua ikilia, nilikuwa nakaa chini sakafuni kwanza ndipo niipokee, ili nikianguka nisianguke mbali. Redio nilizima kabisa nyumbani. Mtoto wa jirani alipiga mlango siku moja usiku kuomba kiberiti, mimi nikapiga ukelele mpaka mtaa mzima ukaamka.

Ndiyo, chakula waliniletea. Dua walinisomea. Lakini dada yangu, usiseme vita ni rahisi kwa ndoa. Mume alirudi salama, Alhamdulillah, na ilichukua muda mrefu kabla hajalala usiku bila kushtuka. Wifi yako mumewe yuko ng'ambo ya kivuko. Akitaka kumwona, apande feri.

#12 BintiKibokoni

MamaWawili, pole, na nisamehe kama neno langu limekuumiza. Sikukusudia kupima machungu. Nilichotaka kusema ni kwamba machungu ya wifi yangu hayana jina, kwa hivyo hata yeye mwenyewe anaona haya kuyalalamikia.

#13 MamaWawili_Changamwe

Hapo tuko pamoja. Hilo la kuona haya nalijua. Mume wangu aliporudi akapangiwa kazi ya ofisini, nilikuwa namlilia usiku kwa sababu haji kula, na mchana najiambia nyamaza, si yuko hai?

#14 Mzee_wa_Chumbageni

Wakuu, nawasalimu kutoka Tanga. Huku kwetu JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, wakitangaza nafasi, sharti mojawapo ni kwamba mwombaji asiwe ameoa au kuolewa. Vijana wengi huona ni ukali tu, lakini mimi nadhani kuna busara. Kijana ajenge mwili na akili ya jeshi kwanza, mke aje baadaye. Huyo luteni wenu aliharakisha. Kaka yangu alioa akiwa amekomaa kazini, na nyumba yake ni tulivu hadi leo.

Jeshi letu nalo ni la 1964, tarehe 1 Septemba, kwa hivyo tumewatangulia miezi mitatu na ushee. Hahaha.

#15 Mwana_wa_Kisauni

Mzee wa Tanga, meli zenu zikikwama njooni tuwavute.

#16 Mzee_wa_Chumbageni

Tutakuja na madafu.

#17 Bint_Afande

Nimelelewa kwenye kota, nyumba za jeshi, babangu alikuwa afisa, sasa mimi mwenyewe nimevaa magwanda. Kwa hivyo niruhusuni nigeuze mazungumzo kidogo, maana uzi mzima mwaongea kana kwamba afisa ni mwanamume tu.

Wanawake walikuwa na kikosi chao peke yao tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1999, kikavunjwa, tukaingizwa katika vikosi vya kawaida pamoja na wanaume. Leo mke ndiye anayelala zamu na mume ndiye anayebaki na mtoto. Mume wangu ni mwalimu. Watu wa mtaani kwetu hawamwambii "vumilia". Wanamwambia "mkeo yuko wapi saa hizi?" Hiyo "vumilia" ambayo wifi yako imemchosha, mume wangu hata hiyo hapati.

Lakini ndoa yetu ipo. Tulichofanya ni kwamba ratiba ya zamu ikitoka, naipiga picha sehemu ya siku zangu tu, nampa. Sio siri za jeshi, ni siku ambazo sitakuwepo. Anajua Jumamosi gani aalike ndugu zake na Jumamosi gani asinipikie. Ndugu yako anamwonyesha mkewe ratiba? Au anavaa viatu asubuhi na kusema "leo silali hapa"?

#18 BintiKibokoni

Anavaa viatu na kusema "leo silali hapa". Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Amesema ratiba hubadilika kila mara, kwa hivyo hataki kumpa mkewe ahadi ambayo itavunjika.

#19 Bint_Afande

Aivunje, lakini aitoe. Asiyepewa ahadi kabisa huyo ndiye anayerudi kwa mamake.

#20 Jirani_wa_Feri

Wote mwazunguka. Tatizo ni feri.

Wameoana wamekaa wapi? Kama ni Mji wa Kale, hesabu mwenyewe. Anatoka kambini Mtongwe, atafute gari mpaka Likoni, apange foleni na mkutano wa watu, avuke, atafute gari lingine mpaka mjini. Akifika ni usiku. Alfajiri arudi vivyo hivyo, na gwaride haimsubiri. Mtu wa kazi nyingine akichelewa kwa sababu ya feri anasamehewa. Afisa akichelewa, askari wake wamesimama wanamwangalia. Kwa hivyo mwisho anaona heri alale mesini. Hapo ndipo mke anapoanza kuhesabu usiku.

Daraja la waenda kwa miguu la Liwatoni lilipofunguliwa 2021 tulipumua, na siku hizi kwa gari unaweza kuzungukia Dongo Kundu ufike kusini bila kupanda feri. Lakini luteni mwenye mshahara wa kwanza ana gari?

#21 MkeWaMuhula_Mrefu

Jirani umenirudisha mbali. Mume wangu alikuwa majini miaka ya themanini na tisini. Tulikuwa twakaa kisiwani, yeye akivuka kwa feri ya Mtongwe. Ile Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipopinduka na watu 272 wakafa, yeye alikuwa zamu, hakupanda. Waliokuwa kambini walikimbia majini kuokoa. Alirudi nyumbani siku ya pili, nguo zimekauka mwilini kwa chumvi, akakaa kwenye kiti hakusema neno. Sikumuuliza. Niliweka maji ya moto, akaoga, akalala.

Mnauliza amani ina nini? Ina siku kama hiyo, inakuja bila tangazo.

Lakini kwa wifi ya mleta uzi nina neno lingine, na najua vijana hawatalipenda. Mimi mwaka wa kwanza niliumia kama yeye. Simu za mkononi hazikuwepo, meli ikiondoka ni mpaka irudi. Kilichoniponya ni wake wa wenzake. Kulikuwa na mama mmoja, mke wa mkubwa wa mume wangu kazini, aliyekuja mlangoni na kikapu, akaniambia vaa twende sokoni. Sikumpenda mwanzoni, nilidhani amekuja kunichunguza. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma bahari: upepo wa kusi ukivuma, doria huchelewa, usipike mapema; maleleji, bahari inapotulia, ndio wakati wa kuomba likizo. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali mtoto wa kwanza alipokuja, mume wangu akiwa upande wa Lamu. Wake wa wanajeshi wana chama chao, MWAK. Wifi yako amejiunga?

#22 Wa_Tudor

#21 kwa heshima, mama, chama hicho ndicho kilichonikimbiza mimi.

Niliolewa na afisa wa cheo cha chini. Kwenye kikao nilikaa kiti cha mbele kwa kutojua, nikaambiwa kiti hicho ni cha mke wa fulani. Mimi sina cheo! Sikuapa mbele ya mtu! Lakini mke wa meja ni meja, mke wa luteni ni luteni, na chai hutengwa kwa daraja hilo hilo. Sitaji kambi, na yapo maeneo mengine watu ni wema, najua. Ila msimwambie binti wa watu kwamba dawa ni wenzake, kama hamjui atakutana na wenzake gani.

#23 MkeWaMuhula_Mrefu

Wa_Tudor, hayo yapo, siwezi kuyakana. Kwangu ilitokea kinyume, na nashukuru.

#24 Mwana_wa_Kisauni

Nami niulize kitu. Mwasema luteni ni mdogo. Mbona rafiki yangu anasema mjomba wake ni "kapteni wa navi" na kumbe bado anapanga chumba Magongo? Kapteni si ndiye mkubwa wa meli?

#25 BahariaMstaafu

Kijana, nchi nyingi kapteni wa majini ni mtu mzito, sawa na kanali wa nchi kavu. Kwetu Kenya jeshi la majini linatumia vyeo vya nchi kavu: luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia, mpaka meja jenerali ambaye ndiye kamanda. Kwa hivyo kapteni wetu ni afisa wa ngazi ya chini bado. Mjomba wa rafiki yako hakudanganya.

#26 Mwana_wa_Kisauni

Shukran mzee. Mahari tulimpandishia bure basi.

#27 Hesabu_Mwembe_Tayari

Mwana_wa_Kisauni amecheka lakini ndipo penye ugonjwa. Hamjataja pesa hata kidogo.

Kijana akipata kamisheni, ukoo mzima unasikia "afisa". Shemeji anataka karo. Mjomba anataka paa. Zamani kila jamaa alikuwa anataka aletewe vitu kutoka AFCO, maduka ya jeshi, kwa sababu ni bei nafuu. Anaoa, harusi ya siku tatu, pilau ya mtaa mzima, ukumbi, mkopo. Baadaye nyumbani hakukaliki kwa sababu kila akifika kuna karatasi ya deni mezani. Mtu wa namna hiyo zamu ya usiku kwake ni mapumziko. Nimeona vijana wakijitolea zamu za wenzao ili wasirudi nyumbani. Dada, muulize ndugu yako kwa upole: zamu zote hizo ni zake?

#28 BahariaMstaafu

Hilo la kubadilishana zamu lipo. Sitalificha.

#29 BintiKibokoni

Hesabu, umenitia baridi. Harusi tuliifanya kubwa, ni kweli, na sehemu alikopa. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati.

#30 Khalati_Makadara

Deni la harusi latoka kwa watu, silo la bwana harusi peke yake. Nyinyi mliokula pilau mchange.

#31 Mtulivu_Bamburi

Nimekuwa nasoma kimya tangu jana. Nilitumikia muda mfupi nikiwa afisa kijana, nikatoka, sasa nafanya biashara. Nataka kusema jambo ambalo hakuna aliyeligusa, na ni la moyoni.

Unapokuwa mafunzoni unafundishwa kwamba utaongoza watu kwenye hatari. Unakimbia usiku, unalala matopeni, unajifunza ramani, unaapa. Siku ya kamisheni Rais yuko mbele yako, mamako analia kwa furaha. Halafu unapangiwa kituo, na kazi yako ya kwanza ni kuhesabu mablanketi. Ya pili ni kuandika barua kwa nini mablanketi hayatoshi. Miezi inapita. Hakuna anayekutukana, hakuna anayekupiga risasi, lakini ndani yako kuna kitu kimenyooshwa kama upinde na hakiachiliwi.

Unarudi nyumbani, mke anakuuliza, "Leo ulifanya nini?" Unamwambia nini? Mablanketi? Umemwoa ukiwa na upanga kiunoni siku ya harusi. Unasema, "Kazi tu." Kesho "kazi tu." Anadhani unamficha siri za serikali, au unamficha mwanamke. Kumbe unaficha kwamba hakuna kitu. Nilimkosesha mke wangu mazungumzo kwa sababu niliona kazi yangu haina hadhi ya kusimuliwa. Alipokuja kujua, alisema angefurahi kusikia hata hayo mablanketi.

Kwa hivyo #3 aliposema orodha yote ile ya kazi, mimi nilitikisa kichwa. Ni kweli kazi zipo. Lakini uchovu unaomleta mtu nyumbani akiwa bubu hautoki kwenye wingi wa kazi.

#32 BahariaMstaafu

Mtulivu, kwa heshima yako nakataa. Kuhesabu mablanketi ndiko kuongoza watu. Askari aliyekosa blanketi usiku wa doria, na upepo wa kusi unapiga, hatakuamini siku ya hatari. Nilipenda kazi hizo ndogo na niliwasimulia watu wa nyumbani kwangu. Tena miaka ya maharamia, kuanzia kama 2008, ile meli ya MV Faina waliyoiteka ikiwa na vifaru vya vita ilipoletwa hapa Februari 2009, hakuna aliyekuwa na muda wa kujiuliza hadhi.

#33 Mtulivu_Bamburi

Mzee wangu, wewe uliipata meli. Wengine tulipata stoo.

#34 Msomi_Ganjoni

Yote mawili yanarudi kwangu. Utaratibu ulipangwa bila mke ndani yake.

#35 Jirani_wa_Feri

Na bila feri.

#36 Bint_Afande

Na bila mume wangu!

#37 Mwana_wa_Kisauni

Tukiwa hapa, anayejua mahali pa viazi vya karai vizuri upande wa Likoni anitajie, nina mgeni wiki hii.

#38 MkeWaMuhula_Mrefu

Ukishuka feri, panda juu, usinunue kwa wa kwanza. Endelea mpaka uone mama mwenye foleni. Ukwaju wake mzito.

#39 BintiKibokoni

Nimerudi na habari. Jana nilikwenda kwa kina wifi yangu, nikakaa naye. Sikumsomea uzi, lakini nilimuuliza mambo mliyonifundisha. La deni analijua, na halimsumbui kama nilivyodhani. La mablanketi, Mtulivu, nilipomuuliza kama mumewe humsimulia kazi, alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema, "Mimi najua jina la meli kwa sababu niliona kwenye Facebook." Hilo liliniuma.

Mamake yeye ana shauri lake, na Khalati atafurahi: anataka kijana akipata likizo akae ndani kwao siku saba kamili, simu izimwe. Ndugu yangu amecheka, kisha akasema ataomba likizo wakati wa maleleji. Wifi anasema siku saba hazitamtosha, anachotaka ni kuhamia Mtongwe, karibu na kambi, ingawa kazi yake iko mjini na ni yeye sasa atakayevuka kila siku. Mamangu hataki kusikia. Anasema mke ndiye amfuate mume au mume ndiye aje kwa mkewe, lakini si kuhamia porini.

#40 Jirani_wa_Feri

Mtongwe sio pori dada, tafadhali.

#41 MamaWawili_Changamwe

Ahamie. Avuke asubuhi na jioni, lakini usiku wawe upande mmoja wa maji.

#42 Wa_Tudor

Asihamie. Atavuka kila siku kwa ajili ya mtu ambaye bado atalala zamu. Atakuwa mpweke Mtongwe badala ya kuwa mpweke kwa mamake, na kwa mamake angalau kuna mahamri asubuhi.

#43 BahariaMstaafu

Kabla ya kupanga nyumba ya nje, aulize kota kwanza. Aliyeoa anaweka jina kwenye orodha, na nafasi ikipatikana anapewa. Aliweka jina?

#44 BintiKibokoni

Sijui. Namuuliza. Na kwa wakati huu, kuna anayejua nyumba ya vyumba viwili upande wa Mtongwe, mahali salama, isiwe mbali na stendi?

#45 Jirani_wa_Feri

Zipo. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe namba ya wakala. Lakini kabla ya kuuliza kodi, uliza maji yanatoka siku gani.